Nililia Kwenye Jela Ambayo Haikufunga Mtu

"Walifungwa wangapi?" Idi aliuliza.

Kijana aliyekuwa akituzungusha Kisiwa cha Jela, kule Unguja, hakugeuka. Alikuwa ametutangulia hatua tatu, kandambili zinapiga sakafuni, akajibu huku anatembea: "Wengi, mdogo wangu. Wengi sana."

Mimi nikaweka kiganja ukutani. Jiwe la matumbawe, limeparuzika, lina joto kama mgongo wa mtu mwenye homa. Na hapohapo, bila kupiga hodi, machozi yakaja. Mwanamke mzima wa miaka 43, miwani ya jua imepandishwa kichwani, nalia mbele ya watalii wa Kihispania na Idi, mtoto wa dada yangu wa miaka 11.

Idi alikuwa na simu yangu. Akapiga picha.

Jioni ile pale Forodhani, tukisubiri urojo, niliirusha. Kiganja ukutani, uso umeinama, mwanga unaingia kwa ubavuni kama vile tumekodi mpiga picha. Chini yake nikaandika: "Hapa ndipo walipofungwa mababu zetu. Tusisahau." Kabla bakuli halijaisha watu zaidi ya 100 walikuwa wameshabonyeza moyo. Kesho yake walipita 300. Kwa duka la vitenge lenye wafuasi wachache kama langu, hiyo ni sikukuu.

Hii ni wiki ya sita sasa, na picha ile haijaniacha.

Simu ya asubuhi

Nina mteja Unguja, mzee wa makamo ya baba yangu, anachukua mzigo kwangu tangu nilipokuwa na meza moja tu Mtaa wa Kongo. Aliiona picha. Hakuandika neno chini yake, maana watu wa umri wake kule hawakusahihishi mbele za watu. Alingoja siku mbili, akapiga simu asubuhi, akauliza hali ya nyumbani, akauliza mama anaendeleaje na mguu, akauliza mvua za Dar, akauliza kama kontena limetoka bandarini. Ndipo akasema:

"Mwanangu, ile picha yako nimeiona. Nzuri. Lakini pale hakufungwa mtu."

Nikacheka. Nikamwambia, mzee, si panaitwa jela? Kila boti pale ufukweni Shangani inakuita kwa jina hilo. Tiketi inalo. Ukiiweka kwenye ramani ya simu, Prison Island.

"Ilijengwa iwe jela," akasema. "Haikuwa. Sasa nambie, kile cha maua ya bluu kimebaki pisi ngapi?"

Ndivyo walivyo. Anakuangusha ukuta kisha anauliza bei ya kitenge.

Nilichokikuta

Usiku ule nilichoma bando lote. Mzee alikuwa sahihi.

Kisiwa chenyewe ni Changuu, jina la samaki, yuleyule changu tunayempigania kwenye mnada wa Feri asubuhi. Mwaka 1893 kilinunuliwa na Lloyd Mathews, Mwingereza aliyetoka jeshi la majini akaja kuwa mkuu wa askari wa Sultani, kisha waziri wake wa kwanza. Unguja ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza tangu 1890, na Mathews alitaka mahali pa kuwaweka wahalifu sugu mbali na mji. Mwaka 1894 jengo likasimama. Kuta nene, vyumba, ua wa katikati.

Halafu hawakuleta mfungwa hata mmoja.

Hofu ya wakati ule ilikuwa maradhi ya melini. Homa ya manjano, hii ambayo mpaka leo tunabanana na kadi yake ya njano viwanja vya ndege. Ndui. Tauni, iliyozuka Bombay mwaka 1896, na Bombay na Unguja kwa enzi zile zilikuwa chumba na sebule. Jengo la jela likapewa kazi nyingine: karantini. Meli ikitia nanga, wagonjwa wanashushwa na kutengwa, na abiria waliobaki wanakaa kisiwani wiki moja, wiki mbili, mpaka ionekane hawana kitu. Si meli za Unguja peke yake. Kituo kile kilihudumia maeneo ya Waingereza ya Afrika Mashariki. Mwaka 1923 serikali ikakibadilisha hata jina, ikakiita Kibandiko. Jina halikushika. Watu wakabaki na Changuu kwa wenyeji na Jela kwa wageni.

Kwa hiyo jibu la swali la Idi ni sifuri.

Wala haikuwa siri. Mtu yeyote mwenye simu na dakika tano angelijua. Mimi nilikuwa na simu, na nilikuwa na saa mbili nzima ndani ya boti kutoka Dar. Nilizitumia kulala na kuangalia video za mapishi.

Kuyatetea machozi

Sasa naandika kitu ambacho sikipendi.

Baada ya kusoma hayo, sikulala. Nikaendelea kutafuta. Nilikuwa natafuta mtu. Yeyote. Mfungwa mmoja tu, aliyepitishwa pale kwa bahati mbaya, ili picha yangu ipate pa kushika.

Saa nane usiku nikampata, au niseme nikawapata: kabla ya Mathews, kisiwa kilikuwa mikononi mwa Waarabu wawili waliokitumia kuwafungia watumwa waliowaona wakaidi, kabla ya kuwasafirisha au kuwapeleka sokoni mjini.

Na nikafurahi.

Nilifurahi kabisa, nikakaa kitako kitandani, nikasema peke yangu, "Eeeh! Si nilisema?" Kisha nikajisikia. Mwanamke amekaa gizani anashangilia kwamba kumbe kweli kuna binadamu waliofungwa minyororo kisiwani, kwa sababu sasa maneno aliyoandika chini ya picha yake yana ukweli kidogo.

Nilizima simu, nikaigeuza kifudifudi.

Hata huo ukweli kidogo hautoshi. Wale watumwa hawakuugusa ukuta nilioushika, kwa kuwa ukuta haukuwepo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873. Jengo la Mathews ni la 1894. Utumwa wenyewe ulikuwa bado halali mjini, haukufutwa mpaka 1897, lakini jengo lile halikuwa la watumwa. Walichokiacha wao kisiwani hakionekani. Ni michongoma, mchanga na mawe, na hakuna anayelia akiwa ameshika mchongoma. Haupendezi pichani.

Kuna jambo kama hilo Mkunazini, kule Mji Mkongwe, na nalitaja kwa tahadhari maana pale nilishawahi kwenda mara tatu na kila mara nimetoka kimya. Soko lilikuwa pale kweli, na kanisa la Waanglikana limesimama juu ya eneo hilo kweli, hilo halina ubishi. Ila vile vyumba vya chini unavyoingizwa ukiinama, wapo wanahistoria wanaoona vilijengwa baadaye, wakati wa hospitali ya wamisionari. Ukisema hivyo mbele ya watu waliotoka mle ndani wanafuta macho, utaonekana huna moyo. Nami sijui kwa nini ukweli wa eneo haututoshi mpaka tupewe na chumba.

Wax ya Uholanzi

Mlionisoma siku nyingi mnangoja nimvae yule kijana mtembezaji. Siwezi.

Mimi nauza vitenge. Mteja akishika kitambaa, akakisugua kwa vidole viwili, akaniuliza "Dada, hii ni wax ya Uholanzi?", sijawahi kumjibu "Hapana, hii imetoka Guangzhou pamoja na ndala." Nasema, "Mama, iguse mwenyewe." Si uongo. Ni kumwachia nafasi adanganywe na hamu yake.

Yule kijana alinitazama tangu tunashuka kwenye boti. Mama wa Dar, kapendeza, ana mtoto wa kumfundisha historia. Alijua saizi yangu. Akaniambia "wengi" kwa sauti ya chini kidogo kuliko alivyokuwa anaongea kabla. Nami nikamlipa elfu kumi juu ya bei, na nilipokuwa namlipa nilijisikia mtu mwema.

Tena lugha imemsaidia. "Wengi" ni neno la ajabu. Halina mtu ndani yake. Ukisema "saba" lazima kuna wa saba, ana jina, ana aliyemsubiri nyumbani. Ukisema "wengi" kila mtu anatingisha kichwa na msafara unasonga mbele kwa kobe.

Kobe

Kwa kobe kidogo basi, maana ndiko Idi alikotaka kwenda tangu mwanzo.

Ni wale wakubwa wa Aldabra, kule Shelisheli. Gavana wa Shelisheli alileta wanne zawadi mwaka 1919. Wakazaana, kufikia 1955 walikuwa kama 200. Kisha watu wakagundua kobe ana bei. Wakaibwa, wakauzwa, na mwaka 1996 walibaki saba. Saba! Leo wamezungushiwa uzio, wameongezeka tena, wengine umri wao umeandikwa kwa rangi mgongoni kama namba ya daladala.

Idi alimlisha mmoja majani, akanigeukia: "Mamdogo, kumbe hawa ndio wafungwa."

Nilijua palepale kwamba huo ni mstari mzuri wa kumalizia makala. Nimeukataa. Kobe hajui kama amefungwa, na sisi tunapenda mno kumpa mnyama kazi ya kubeba mambo yetu.

Kilichonishika mimi ni Shelisheli. Kobe wanatoka Shelisheli kuja Unguja mwaka 1919, na miaka hiyohiyo, njia hiyohiyo, watu walikuwa wanakwenda kinyume. Shelisheli ndiko Waingereza walikokuwa wanawatupa wafalme wasiowataka. Mwanga wa Buganda alipelekwa kule akafia kule mwaka 1903. Kabalega wa Bunyoro alikaa kule zaidi ya miaka 20. Prempeh wa Ashanti, kutoka upande wa pili kabisa wa bara, naye yumo.

Na Khalid bin Barghash. Huyu ni wetu kwa namna ambayo sikuwa naijua, na mimi nimezaliwa Ilala. Tarehe 27 Agosti 1896, baada ya vile vita vya chini ya saa moja na Waingereza kule Unguja, alikimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani. Oktoba wakampitisha baharini kwa manowari wakamleta Dar es Salaam. Akaishi hapa karibu miaka 20, mtu aliyekuwa sultani kwa siku mbili, anaangalia bahari ileile ambayo upande wa pili kuna nyumba yake. Waingereza walipoiteka Dar mwaka 1916 wakamkamata, wakampeleka uhamishoni Shelisheli na Saint Helena, kisha wakamruhusu arudi mpaka Mombasa. Akafia Mombasa mwaka 1927. Hakupewa Unguja.

Hakuna ukuta wa kushika. Nilitembea wiki iliyofuata pale mbele ya bandari, kutoka Kanisa la Mtakatifu Joseph kuelekea Magogoni, nikijaribu kufikiria alikuwa anasimama wapi jioni. Bodaboda wawili wakaniuliza naenda wapi. Machozi hayakuja. Nadhani yanahitaji tiketi.

Kumi na saba kwa ishirini

Ningeweza kunyamaza. Picha ingezama chini ya picha nyingine, mzee wa Unguja asingeniuliza tena, na mimi ningeendelea na vitenge vyangu.

Kilichonitoa ni daftari.

Jumapili moja nipo kwa dada, Tabata, Idi akaniletea insha yake. Mada: "Safari niliyoifurahia wakati wa likizo." Alama 17 kwa 20, na mwalimu ameandika kwa wino mwekundu "Umejitahidi". Nikasoma kwa sauti ili mama yake asikie jikoni. Boti, vizuri. Mawimbi, vizuri. Pweza wa Forodhani, vizuri sana. Kisha: "Katika jela hiyo walifungwa wafungwa wengi na waliteswa na kufa wote. Mamdogo wangu alilia kwa uchungu kwa sababu babu yake alikuwa mmoja wa wafungwa hao."

Babu yangu alikuwa fundi cherehani. Alikufa mwaka 1991 akiwa amezungukwa na wanawe, na katika maisha yake yote hakuwahi kupanda chombo cha majini kikubwa kuliko pantoni ya Kigamboni.

Dada akatoka jikoni na mwiko. "Babu yake nani?"

Wote wawili wakanitazama mimi. Na mtoto hakuwa amesema uongo, mnaona? Alisoma nilichoandika chini ya picha. Mababu zetu. Akakiweka sawa ili kieleweke, akaondoa wingi, akabakiza babu mmoja.

Arobaini

Nilisema nitamweleza, nikaahirisha, kwa kisingizio kwamba lazima kwanza nielewe. Sijui kama kilikuwa kisingizio. Kuna kitu kilikuwa kinanigonga mgongoni na sikioni.

Karantini ni neno la Waitaliano. Kwao linatokana na arobaini, siku 40 ambazo meli ilitakiwa kukaa nje kabla abiria hawajaingia Venice. Nikasoma hilo nikiwa dukani, nikalirudia kwa sauti: arobaini. Sisi hatuhitaji kuelezwa. Mzazi hatoki nje mpaka arobaini. Msiba hauishi mpaka arobaini. Hata mwizi tumempa zake. Ni namba yetu ya kungoja kitu kiamue chenyewe: mtoto akae au aende, huzuni ipoe au isipoe.

Kwa hiyo kule Changuu palikuwa na watu waliongoja. Si wahalifu. Ni mfanyabiashara na mabunda yake, mke anayemfuata mume, kibarua. Hawakuwa wamefanya lolote isipokuwa kupanda chombo. Unaiona Unguja kwa macho, haifiki hata kilomita sita, usiku unaziona taa, na huruhusiwi. Kila asubuhi anakuja mtu anakutazama usoni kutafuta dalili. Na wewe mwenyewe unajitazama. Unajishika shingo. Umekohoa jana mara ngapi.

Nilifika hapo ndipo mikono ikaniganda juu ya kitambaa.

Kwa sababu hayo ya shingo sikuyasoma popote.

Chumba cha ghorofa ya tatu

Mwisho wa Machi 2020 nilitua Dar kutoka Dubai na mabegi mawili. Amri ilikuwa mpya: anayetoka nchi zenye ugonjwa akae siku 14 kwenye hoteli zilizopangwa, kwa gharama yake. Nilipelekwa hoteli moja ambayo sitaitaja, elfu sitini kwa siku, chakula mbali.

Sijawahi kuandika habari hii hapa, na blogu hii ina miaka tisa.

Dirisha langu liliangalia maegesho ya magari na mwembe. Chakula kiliwekwa nje ya mlango, sahani imefunikwa karatasi ya kung'aa. Mhudumu anagonga mara mbili kisha namsikia anakimbia. Anakimbia kabisa. Asubuhi tulipimwa joto na mtu aliyejifunika hata sikumbuki alikuwa mwanamume au mwanamke. Siku ya tano nilianza kuhesabu. Nikifungua mlango kuchukua sahani natoa kichwa haraka, nahesabu sahani za korido nzima, narudi ndani. Kama asubuhi iliyofuata zipo zilezile, basi wote tumeamka. Sikujua sura ya hata mmoja. Nilijua sahani zao.

Dada alikuja mara mbili akasimama kwenye maegesho na Idi, miaka sita wakati ule, wakanipungia mkono.

Nilipotoka nilikuta dukani kwangu watu wawili watatu hivi waliokuwa wakinikumbatia sasa wananisalimia kutoka barabarani. Likapita. Mwanzoni mwa Mei takwimu za wagonjwa zikafika 509 na zikasimama hapohapo zaidi ya mwaka mzima. Tukarudi kazini. Tulizika watu, tukasema "presha", tukasema "changamoto ya upumuaji", na hakuna aliyeuliza wangapi. Ungeuliza, ungejibiwa neno lilelile la kisiwani.

Kwa hiyo hebu fikirini. Mwanamke aliyewahi kufungiwa karantini anaingia ndani ya jengo la karantini, anashika ukuta wake, mwili unaanza kulia wenyewe. Na yeye, badala ya kuuliza mwili umekumbuka nini, anausomea kibao: Jela. Watumwa. Mababu. Anaupa msiba mkubwa wenye heshima, wa watu wote, usiohusu mlango wa ghorofa ya tatu.

Sina uhakika kama ndivyo ilivyokuwa. Naweza kuwa najitungia tena, safari hii hadithi inayonipendelea zaidi. Huenda nililia kwa sababu ya jua na sauti ya yule kijana. Lakini nikikumbuka kiganja pale ukutani, kabla machozi hayajafika, nilichokifanya kwanza ni kujishika shingo kwa mkono wa pili. Nimeiangalia tena ile picha. Mkono upo pale.

Tabata, jioni

Nilikwenda na chipsi kuku ili mazungumzo yapate pa kukaa. Nikamwambia Idi: pale hakufungwa mtu. Babu alikuwa fundi cherehani. Mamdogo alikosea, akaandika kitu asichokijua, nawe ukakisoma.

Alitafuna kwanza. "Hata mmoja?"

"Kwenye lile jengo, hata mmoja. Waliwekwa abiria wa meli. Walikuwa wanaangaliwa kama wanaumwa."

"Kwa hiyo nitapunguziwa alama?"

"Hapana. Mwalimu ameshasahihisha."

Akatulia. Dada alikuwa anakunja nguo, nikaona amepunguza mwendo. Nikamweleza Idi kwamba na mimi niliwahi kuwekwa hivyo, kwenye hoteli, alipokuwa darasa la awali, na yeye alikuja akanipungia mkono chini ya mwembe.

"Nakumbuka," akasema. "Mama aliniambia ulikuwa kazini."

Dada akaendelea kukunja nguo.

"Ulikuwa dirisha la juu. Ulikuwa umevaa kitu cha njano." Hilo mimi nilikuwa nimelisahau. Dera la njano, ndiyo, nililivaa siku nne mfululizo. Akalamba chumvi vidoleni, akanitazama kwa lile jicho lake la kule kisiwani. "Mlikuwa wangapi humo ndani?"

Ulimi wangu ulishaanza kulitamka lile neno. Nililisikia likija, herufi ya kwanza imeshafika mdomoni. Nikanywa maji.

"Kumi na moja," nikamwambia. "Kwenye korido yetu. Nilikuwa nahesabu sahani."